Kupima Pumzi ya Uvimbe

Tone la kwanza la damu hufutwa. Ndivyo anavyofundishwa kila mtaalamu wa maabara, awe anafanya kazi Gitega, Muyinga au kwingineko. Huchoma pembeni mwa ncha ya kidole, mahali pasipouma sana, akalifuta tone la kwanza kwa pamba kavu, kisha akangoja jingine lijitokeze lenyewe. Hakamui. Kidole kikikamuliwa, majimaji ya nyama huchanganyika na damu, na hemoglobini ikaonekana pungufu kuliko ilivyo. Tone likishakuwa la kutosha, hulisogezea kipimio chembamba cha plastiki, nacho kikavuta damu chenyewe kwa mkupuo mmoja mpaka kikajaa. Kikiingia kiputo cha hewa, kipimio hicho hutupwa na kazi huanza upya. Akishafuta damu iliyobaki kwa nje, hukiingiza kwenye mashine ndogo ya mezani, na muda si muda namba hutokea: 7.8, au 10.4, au 12.1.

Kwa mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, namba hiyo ina uzito ambao pengine hajawahi kuelezwa. Inasema damu yake inaweza kuubebea uvimbe oksijeni kiasi gani. Na oksijeni iliyomo ndani ya uvimbe ndiyo inayoamua, kwa sehemu kubwa, mionzi itafanya kazi gani siku itakapoupiga.

Nimeupenda ufundi huu kwa muda mrefu. Mashine kubwa, zile ambazo mawaziri huzikatia utepe, nazipa heshima yake. Lakini kinachonivuta zaidi ni kazi ya watu waliojiuliza uvimbe unakula nini na unapumuaje, wakatafuta namna ya kuupima bila kuuvuruga. Hilo la kutovuruga ndilo gumu. Ukiifuatilia historia ya fani hii, kutoka Berlin hadi London hadi Mainz, utalikuta kila mahali, na utalikuta vilevile kwenye kidole kisichokamuliwa pale Muyinga.

Kwa miaka yote ambayo nchi jirani zilikuwa zikifunga mashine za tiba ya mionzi, Burundi haikuwa nayo hata moja. Mgonjwa wa Gitega ilimbidi aende Kigali, ambako Hospitali ya Jeshi la Rwanda iliyoko Kanombe imekuwa ikitoa tiba hiyo tangu 2019, au asafiri mbali zaidi mpaka Kampala. Kwa mtu wa Muyinga, mpaka wa Kobero uko karibu. Akivuka anaingia Kabanga, anapita Ngara, na barabara hiyo humfikisha Mwanza, ambako Hospitali ya Bugando ina mashine ya kobalti. Mwenye uwezo na ndugu wa kumpokea anaweza kwenda mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, katika majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Basi ni rahisi mtu kudhani kwamba Gitega na Muyinga hazina lao katika tiba ya mionzi, kwamba huko kazi ni kuandika barua ya rufaa na kumwombea mgonjwa safari njema. Mimi nasema ufundi wenyewe huanzia huko, na sababu zake ziko ndani ya seli.

Mionzi inapopenya seli, kitu cha kwanza inachokikuta kwa wingi ni maji. Huyavunja, na vipande vinavyobaki ni molekuli zisizotulia, ambazo wanakemia huziita radikali huru. Radikali ikiigusa DNA huinyofoa sehemu na kuacha jeraha. Jeraha hilo likiwa bado bichi linaweza kufungwa, kwa maana seli ina akiba ya kemikali zenye salfa, hasa glutathioni, ambayo hutoa atomu ya haidrojeni na kurudisha kilichonyofolewa. Lakini oksijeni ikiwapo, huwahi. Hujibandika palipojeruhiwa na kulifanya jeraha kuwa la kudumu. Mashindano hayo kati ya oksijeni na glutathioni humalizika ndani ya muda mdogo kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo oksijeni lazima iwe imekwisha kufika pale mionzi inapopita. Ikija baadaye haisaidii. Seli iliyokosa oksijeni kabisa huhitaji dozi kubwa mara mbili na nusu hadi tatu ili ife sawasawa na seli inayopumua vizuri.

Waliotangulia katika kazi hii waliliona jambo hili kabla hawajaweza kulieleza. Mwaka 1909 Gottwald Schwarz, daktari wa Vienna, aliona kwamba ngozi iliyobanwa mpaka damu ikahama haikuungua na radiamu kama ngozi iliyoachwa huru. Hakuwa na nadharia ya radikali. Alikuwa na radiamu, mkono wa mtu, na uvumilivu wa kuangalia ngozi siku baada ya siku.

Upande wa ulaji ulifunguliwa na Otto Warburg, Berlin, katika miaka ya 1920. Vifaa vyake vilikuwa wembe, chupa ndogo za kioo na maji ya uvuguvugu. Alikata vipande vyembamba vya uvimbe wa panya, akavitia katika chupa zenye maji ya chumvi na sukari, akaiunganisha kila chupa na manometa, yaani mrija wa kioo uliopindwa na kutiwa kimiminika cha rangi, kisha chupa zikatikiswa polepole ndani ya maji ya nyuzi 37. Kipande kikivuta oksijeni, hewa iliyomo chupani hupungua na kimiminika hupanda upande mmoja. Kikitoa asidi, asidi hiyo hufukuza kaboni dioksidi kutoka katika bikaboneti iliyowekwa ndani ya maji, na kimiminika kikasogea upande wa pili. Kazi yote, baada ya hapo, ni kusoma milimita.

Sasa angalia alivyoshughulikia unene wa kipande. Kipande kikiwa kinene, oksijeni haifiki katikati. Seli za ndani zitaishiwa hewa, zitabadili ulaji wake, na mpimaji ataandika daftarini kwamba huu ndio ulaji wa uvimbe, kumbe amesoma makosa ya wembe wake mwenyewe. Warburg akaketi akapiga hesabu: oksijeni hupenya nyama kwa kasi gani, nyama huila kwa kasi gani, na wapi hizo mbili hukutana. Akapata unene ambao kipande hakipaswi kuuzidi, pungufu ya nusu milimita, na hesabu hiyo akaichapisha mwaka 1923. Wengi wanamkumbuka kwa yale aliyoyagundua baadaye. Mimi namkumbuka zaidi kwa hesabu hii ya unene, kwa sababu ilikuwa adabu kwa kitu kinachopimwa. Nayo itarudi.

Alichokiona kwenye mrija kilikwenda kinyume na alichotarajia. Mtu aliyekulia Burundi anajua urwarwa unavyotengenezwa: juisi ya ndizi mbivu hukamuliwa, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku chache sukari imekwisha kuchachuka. Pasteur alikuwa ameonyesha katika karne ya 19 kwamba hewa ikiingizwa katika chombo cha namna hiyo, uchachukaji hupungua, kwa kuwa chembe hai zikipata oksijeni huitumia kuichoma sukari mpaka mwisho na kupata nguvu nyingi zaidi. Nyama nyingi za mwili hufuata desturi hiyo. Vipande vya uvimbe vya Warburg havikuifuata. Viliendelea kuichachusha sukari na kumwaga asidi ya laktiki hata oksijeni ilipokuwa tele.

Warburg mwenyewe aliamini kwamba sababu ni upumuaji wa seli kuharibika, na kwamba huko ndiko saratani inakoanzia. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa seli nyingi za saratani bado zinaweza kupumua. Mkono wake ulikuwa sahihi kuliko nadharia yake. Leo inaeleweka kwamba seli inayogawanyika haraka huitaka sukari kwa zaidi ya nguvu tu. Huitumia kama mali ghafi ya kujengea seli mpya. Na sehemu ya sukari hiyo hupitia njia ya pembeni ambayo kazi yake moja ni kuihuisha glutathioni kila inapotumika. Hapo ndipo ulaji unapokutana na mionzi. Uvimbe unaokula sukari kwa pupa unajaza, kwa mlo huohuo, akiba ile ya kufungia majeraha. Tena pale penye oksijeni haba seli hulazimika kuchachusha zaidi, hivyo njaa ya hewa na pupa ya sukari mara nyingi hukaa pamoja, na zote mbili humpa daktari wa mionzi kazi ngumu.

Miaka 32 baada ya hesabu ya Warburg, Waingereza wawili, Thomlinson na Gray, walikaa kwenye darubini na vipande vya saratani ya mapafu ya binadamu. Waliona kwamba uvimbe ulikuwa umekua kama kamba nene, mishipa ya damu ikiwa nje na kiini kilichokufa kikiwa ndani. Wengine walikuwa wameshakiona kiini hicho. Wao walikipima. Kamba yenye nusu kipenyo pungufu ya mikroni 160 haikuwa na kiini kilichokufa. Kamba iliyozidi mikroni 200 haikukosa kuwa nacho. Na ukanda wa seli hai, kutoka ukingoni kuingia ndani, ulikomea kwenye mikroni 180 hivi hata kamba ikinenepa namna gani. Ni kama unene wa nywele mbili tatu. Wakalinganisha kipimo hicho na hesabu ya umbali ambao oksijeni inaweza kwenda kabla haijaliwa yote, hesabu ya ukoo mmoja na ile ya kipande cha Berlin, na namba zikakaribiana.

Makala yao ya 1955 haina makelele. Inaeleza tu kwamba kati ya seli zinazopumua na zile zilizokufa lazima kuwe na tabaka jembamba la seli zilizo hai bado lakini zimefikia mwisho wa hewa, na kwamba seli hizo zinaweza kunusurika mionzi na kuurudisha uvimbe baadaye. Karibu kila kilichofuata katika fani hii kilitoka kwenye tabaka hilo. Jina la Gray liligeuka kipimo: tangu 1975 dozi ya mionzi huhesabiwa kwa grei.

Walichopima wao kilikuwa nyama iliyokwisha kuondolewa mwilini na kutiwa rangi. Kuipima pumzi ya uvimbe ungali ndani ya mtu kulihitaji mkono mwingine, na kwa saratani ya shingo ya kizazi mkono huo ulionekana Mainz, Ujerumani. Nina sababu ya kuitaja saratani hii tena na tena. Ndiyo inayoua wanawake wengi nchini Burundi kuliko saratani nyingine yoyote, na mionzi ni tiba yake kuu ikishavuka hatua ambayo upasuaji unaweza kuitosheleza.

Michael Höckel, Peter Vaupel na wenzao walitumia sindano nyembamba yenye elektrodi ya kusoma oksijeni. Ukiichoma sindano moja kwa moja, ncha yake huisukuma nyama iliyo mbele, mishipa midogo hubanwa, na oksijeni unayosoma ni ile iliyobaki baada ya wewe kuibana. Kwa hiyo mtambo wa sindano hiyo husonga mbele milimita moja, kisha hurudi nyuma sehemu tatu za kumi za milimita ili nyama ipumue, ndipo husoma. Mbele kidogo, nyuma kidogo, soma. Mbele, nyuma, soma. Namba nyingi hukusanywa kwa njia moja, kisha njia nyingine huanzwa mahali pengine pa uvimbe. Walichoripoti mwaka 1996 ni kwamba wanawake ambao oksijeni ya uvimbe wao ilikuwa chini, kiwango cha kati kikiwa pungufu ya milimita 10 za zebaki, walipata matokeo mabaya zaidi, hata wale waliotibiwa kwa upasuaji. Kwa hiyo uvimbe uliokosa hewa hauishii kustahimili mionzi. Hujifunza pia kuhama na kushambulia.

Mainz hiyohiyo, Wolfgang Mueller-Klieser na Stefan Walenta walikuwa wakifanya kazi ambayo, kwa maoni yangu, ni nzuri kuliko zote katika fani hii. Walitaka kujua asidi ya laktiki, sukari na nguvu ya seli ziko wapi hasa ndani ya kipande cha uvimbe. Tatizo ni kwamba kipande kikishakatwa, seli zake huendelea kula sukari iliyobaki na kumwaga asidi, na baada ya muda mfupi picha yote imebadilika. Kwa hiyo nyama hugandishwa papo hapo katika naitrojeni ya kimiminika, ulaji ukasimama mahali ulipokuwa. Kisha hukatwa vipande vya mikroni chache, vikiwa bado barafu, na kuwekwa juu ya mchanganyiko wa vimeng'enya. Kwa kupima nguvu hutumika kimeng'enya cha kimulimuli. Kwa sukari na asidi ya laktiki hutumika kile cha bakteria wa baharini wanaong'aa. Kipande kikiyeyuka, kila sehemu yake hutoa mwanga kulingana na kiasi cha kitu kinachotafutwa. Mwanga wenyewe ni hafifu, lazima kamera iuhesabu gizani. Kisha kipande cha jirani hupakwa rangi ya kawaida ili ijulikane wapi ni uvimbe, wapi ni nyama ya kawaida, wapi ni seli zilizokufa, na picha hizo mbili hulazwa moja juu ya nyingine. Namba inayopatikana ni ya uvimbe ulio hai tu, seli zilizokufa zikiwa zimeachwa nje ya hesabu.

Mwaka 2000 kundi hilo liliripoti kwamba wanawake ambao uvimbe wao wa shingo ya kizazi ulikuwa na asidi ya laktiki nyingi waliishi muda mfupi zaidi. Miaka kumi baadaye, wakishirikiana na wataalamu wa mionzi wa Dresden, walichukua aina kumi za saratani ya kichwa na shingo zilizopandikizwa kwa panya, wakazipiga mionzi mara 30 katika wiki sita, sawa na anavyotibiwa mtu. Uvimbe uliokuwa na asidi nyingi kabla ya tiba ulihitaji dozi kubwa zaidi ili upone. Pengine ni kwa sababu asidi hiyo nayo huzima radikali, pengine ni dalili tu ya mengine yanayoendelea ndani. Kipimo hicho hakijawa cha kila siku hospitalini hata huko Ulaya. Kinachotumika zaidi ni picha ya PET, ambamo sukari yenye florini ya mionzi hudungwa mshipani na kamera ikaonyesha inakokusanyika; binadamu wa kwanza walipigwa picha hiyo Marekani mwaka 1976, na Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi inayo. Florini hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Ukiipakia garini Muyinga kupitia Karuzi, ikifika Gitega karibu nusu yake imekwisha njiani.

Je, daktari wa Kigali au Mwanza, asiye na sindano ya Mainz wala mwanga wa kimulimuli, anafanyaje na uvimbe ambao pumzi yake hajaipima? Anatumia muda. Mionzi haitolewi yote siku moja. Kwa saratani ya shingo ya kizazi hugawanywa: grei 45 hadi 50 katika mafungu 25 hivi, siku tano kwa wiki, wiki tano. Desturi ya kugawanya ilitokana na majaribio ya Regaud na uzoefu wa Coutard huko Paris katika miaka ya 1920, kabla tabaka la Thomlinson na Gray halijajulikana, na sababu waliyoitoa wao ilikuwa kuilinda nyama nzima. Lakini kuna faida nyingine iliyofichika humo. Fungu la leo huua hasa seli zinazopumua, zile za karibu na mishipa. Zikishakufa haziili oksijeni tena. Oksijeni iliyokuwa ikiishia kwao inasonga mbele, ikaifikia safu iliyokuwa imekosa hewa. Kesho fungu jingine huikuta safu hiyo ikipumua. Uvimbe hupewa hewa na tiba ileile inayouua, safu kwa safu.

Ndiyo maana pia tiba ya ndani, ambamo chanzo cha mionzi huingizwa ndani ya mfuko wa uzazi na kutoa dozi kubwa kwa karibu sana, kwa kawaida huachwa mpaka wiki za mwisho. Uvimbe umeshasinyaa, chanzo kinakaa vizuri mahali pake, na seli zilizobaki ziko karibu zaidi na damu. Ukimsikiliza fundi wa kazi hii akipanga siku hizo kwenye karatasi, utafikiri anapanga ratiba tu. Anapanga nani apumue lini.

Hapo ile namba ya hemoglobini iliyosomwa Muyinga inapata maana yake yote. Mama huyu ametokwa damu kwa miezi, maana uvimbe wa shingo ya kizazi huvuja. Huenda pia amekuwa na malaria. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria, na hata miaka isiyo na mlipuko ugonjwa huo haukosekani, nao huvunja chembe nyekundu za damu. Akifika kwenye mashine akiwa na hemoglobini ya 7, ile safu ya ndani iko mbali zaidi na hewa kuliko ingekuwa. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa saratani ya shingo ya kizazi wameona mara nyingi kwamba wenye upungufu wa damu hupona kwa uchache zaidi wakitibiwa kwa mionzi, na hospitali nyingi hujitahidi hemoglobini isishuke chini ya 10 wakati wa tiba. Kutibu malaria, kuzuia uvujaji, kuongeza damu, kutoa madini ya chuma: hayo yote hufanyika Gitega na Muyinga, na yakifanyika vizuri kabla ya safari, mashine ya Kigali inaanza kazi siku ya kwanza badala ya kungoja.

Lazima niseme pia kwamba namba si kila kitu, na hilo lilijulikana kwa gharama. Mwaka 2003 Michael Henke wa Freiburg na wenzake walichapisha jaribio la dawa ya kuchochea mwili utengeneze damu kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi. Hemoglobini ilipanda kama ilivyotarajiwa, lakini wagonjwa waliopewa dawa walifanya vibaya kuliko wasiopewa. Kwa hiyo anayeipandisha namba kwa njia yoyote ile, bila kujali njia, hajaielewa kazi. Na mgonjwa anayevuta sigara wiki hizo anajinyima mwenyewe, kwani moshi una gesi inayoikalia nafasi ya oksijeni kwenye hemoglobini. Mashine ya maabara itasoma 12, na sehemu ya hiyo 12 haibebi kitu.

Kuna njia nyingine ninayoifuatilia kwa hamu: badala ya kuongeza oksijeni inayoingia, kupunguza ile inayoliwa. Uvimbe ukila kidogo, oksijeni hufika mbali zaidi. Metifomini, dawa ya kisukari iliyo katika kila duka la dawa, ilifanya hivyo kwa panya na ikaleta matumaini makubwa, lakini majaribio mawili kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha faida, na katika moja wagonjwa walidhurika zaidi. Nyingine ni atovakuoni, dawa ya malaria. Huizuia mitokondria ya kimelea kupumua, na kwa kiasi fulani huizuia ya seli za saratani pia. Watafiti wa Oxford walionyesha mwaka 2016 kwamba inaipunguza njaa ya hewa katika uvimbe wa majaribio na kuufanya uikubali mionzi, kisha mwaka 2021 wakaonyesha kwa picha kwamba kwa wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu eneo lililokosa hewa lilipungua. Bado haijaonyeshwa kwamba wataishi zaidi. Lakini dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya homa ambayo kila mtu wa Muyinga anaijua, ikatumika kuufungulia uvimbe hewa: hilo nalisubiri kwa moyo wote.

Lililobaki ni siku. Tiba ya saratani ya shingo ya kizazi, mafungu ya nje pamoja na ya ndani, hutakiwa iishe ndani ya wiki nane. Seli zilizonusurika, zikishapata hewa na sukari, huanza kugawanyika kwa haraka, na kila siku inayozidi hupunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe kwa kiasi cha nusu hadi asilimia moja. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na ile mpya ikaja kuzinduliwa Januari 2018. Ile iliyoharibika ilikuwa ikitegemewa na wagonjwa wa nchi za jirani pia. Mambo madogo kuliko hayo huvunja ratiba: msiba nyumbani, pesa za chumba kuisha, mafuta ya gari kukosekana, kama yalivyowahi kukosekana Burundi.

Siku zikipotea, mwanafizikia wa tiba hukaa na karatasi upya. Anaweza kuongeza Jumamosi. Anaweza kutoa mafungu mawili kwa siku moja, mradi kati yake zipite saa sita au zaidi, kwa kuwa nyama nzima huhitaji muda huo kufunga majeraha yake. Anaweza kuanza tiba ya ndani mapema, katikati ya mafungu ya nje. Kila njia ina bei yake kwa kibofu na utumbo, na bei hiyo huhesabiwa kwa grei, fungu kwa fungu, kiungo kwa kiungo. Hesabu hukaguliwa na mtu wa pili asiyeifanya ile ya kwanza. Daktari huisoma, hutia sahihi, na mgonjwa huambiwa aje kesho saa moja asubuhi, na arudi tena saa nane mchana.